Marehemu wa Ndege za Mabomu Hurudishwa na Daftari

Karibu kila mwezi ofisi ya Marekani inayotafuta wanajeshi waliopotea vitani hutoa tangazo linalofanana na lililotangulia. Kijana fulani, mpiga bunduki au mpiga redio wa ndege ya mabomu, aliyeuawa mwaka 1943 au 1944, ametambuliwa. Alikuwa na miaka 20, pengine 22. Mabaki yake yatazikwa katika mji wa kwao, na mpwa ambaye hakuwahi kumtia machoni ndiye atakayepokea bendera. Habari hizi zikifika kwetu na kuzunguka kwenye simu, maoni huwa ya namna mbili. Wapo wanaosema wenzetu wamepiga hatua, kipande cha mfupa tu kinawatosha kumjua mtu. Wapo wanaosema wana fedha za kuchezea. Naona wote wametazama bati la nyumba wakasahau msingi. Kipimo cha vinasaba ni hatua ya mwisho katika kazi hii. Anayemrudisha kijana yule ni karani aliyeandika jina lake kabla hajapanda ndege, na shahidi aliyesimulia alichokiona. Tukilielewa hilo, swali linatugeukia sisi, kwa kuwa Afrika Mashariki ina marehemu wa vita makumi kwa makumi ya elfu wasiojulikana majina, na sababu tuliyozoea kupewa haina ukweli.

Kwanza tujue wafu hawa walikufaje. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, kilichokusanya vijana wa Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Poland, visiwa vya Karibiani na hata Afrika Magharibi, watu wapatao 125,000 walipanda ndege katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliouawa ni 55,573. Ukiwapanga kumi, wanne hawakurudi, na hapo hujahesabu waliojeruhiwa wala waliotekwa. Zamu kamili ilikuwa safari 30, na kila mmoja alijua hesabu hiyo ilivyokuwa ngumu kufikiwa. Ndege ya Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa injini, mwelekezaji njia, mdondosha mabomu, mpiga redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mwingine mkiani peke yake. Waliruka usiku. Ikipigwa, mara nyingi haikuwapo nafasi ya kusema neno kwenye redio. Kituoni Uingereza saa za kurudi zilipita, ubaoni palibaki pengo mbele ya herufi za ndege ile, na asubuhi iliyofuata simu ya maandishi ikaenda kwa wazazi: mwanenu hajulikani alipo.

Chukua kisa cha Andrew Mynarski, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi aliyezaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, ambaye kabla ya vita alifanya kazi ya ngozi na manyoya. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944 alikuwa mpiga bunduki wa mgongoni katika Lancaster ya Skwadroni ya 419, wakienda kupiga kituo cha reli cha Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Ilikuwa safari yao ya 13. Kabla ya kuondoka walikuwa wamejilaza majanini karibu na ndege, Mynarski akaokota jani la klova lenye vipande vinne, ambalo watu wa kwao huliona ni la bahati, akampa rafiki yake Pat Brophy, mpiga bunduki wa mkiani. Walipofika Ufaransa ndege ya Kijerumani ikawavizia kutoka nyuma chini. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukashika kati ya Mynarski na Brophy. Rubani akatoa amri ya kuruka. Kibanda cha bunduki alimokaa Brophy kilikuwa kinazungushwa kwa nguvu itokayo katika injini iliyokufa, na mpini wa kukizungusha kwa mkono ukamvunjikia. Hakuweza kutoka. Mynarski, aliyekuwa amefika mlangoni tayari kuruka, akamwona kupitia moto. Akageuka, akatambaa kwa magoti ndani ya mafuta yanayowaka, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono. Brophy akampungia mkono aondoke. Akarudi kinyumenyume akimtazama mwenzake, nguo zake zikiwaka hadi kiunoni, na alipofika mlangoni akasimama, akampigia saluti, akaruka. Parachuti lake nalo lilikuwa limeshika moto. Wafaransa walimkuta hai, lakini alikufa kwa kuungua. Amezikwa katika makaburi ya kijiji cha Méharicourt.

Sasa jiulize: nani ametusimulia? Ndani ya mkia wa ndege ile walikuwa watu wawili tu, na mmoja amekufa. Ndege ilianguka na Brophy akiwa bado amenaswa, ikagonga mti, kile kibanda kikapasuka kikamtupa nje akiwa mzima, wakati mabomu mengi yaliyokuwamo hayakulipuka. Alifichwa na Wafaransa, na ni baadaye tu alipojua kwamba rafiki yake hakupona. Maneno yake ndiyo yaliyowafikisha wakubwa kumtunuku Mynarski Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwezi Oktoba 1946, zaidi ya miaka miwili baada ya kifo. Lau mti ule ungekuwa hatua chache pembeni, Mynarski angekuwa mstari mmoja katika orodha: ameuawa vitani, umri miaka 27. Ujasiri ungekuwa uleule, na hakuna ambaye angeujua. Naamini miongoni mwa wale 55,573 wamo kina Mynarski wengi ambao shahidi wao alikufa nao.

Lakini hata ule mstari mmoja una kazi yake, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka. Vita vilipokwisha, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu zaidi ya 40,000 waliotoweka. Likaunda kikosi cha upelelezi kilichozunguka Ulaya miaka kadhaa kikiwatafuta. Hapakuwa na kipimo cha vinasaba. Sayansi yenyewe ilikuwa haijajua umbo la vinasaba. Walikuwa na nini? Walikuwa na orodha ya kila ndege, nani alikaa wapi, injini yake namba ngapi. Walikwenda kwa padri wa kijiji na mchimba kaburi wakauliza usiku ule ilianguka ndege gani, mliwazika wangapi. Walifukua, wakasoma alama ya dobi kwenye kola ya shati, wakatazama pete, viatu, namba iliyogongwa kwenye chuma cha injini. Kwa njia hiyo takriban theluthi mbili ya wote waliotafutwa walijulikana mwisho wao. Wale wa jeshi hilo wasio na kaburi linalojulikana, zaidi ya 20,000, majina yao yamechongwa kwenye kuta za ukumbusho wa Runnymede, karibu na London, uliofunguliwa mwaka 1953. Hawana kaburi, lakini jina lipo, na mtu akilitafuta analiona.

Wamarekani walifanya vivyo hivyo, kwa umakini unaoshangaza. Kuanzia mwaka 1943 kila ndege isiyorudi iliandikiwa taarifa maalumu: majina ya wote waliokuwamo, namba za injini, hata namba za bunduki zilizofungwa ndani yake, na jina na anwani ya ndugu wa karibu wa kila mmoja. Tarehe 1 Agosti 1943 ndege 177 aina ya B-24 ziliruka kutoka viwanja vya jangwani karibu na Benghazi, Libya, kwenda kuchoma mitambo ya kusafishia mafuta ya Ploiești, Romania. Ziliruka chini sana, zikapita katikati ya moto wa matangi yaliyowaka. Zaidi ya 50 hazikurudi na Wamarekani 310 wakafa siku hiyo moja. Waromania waliwazika waliowapata, wengi wakiwa hawatambuliki. Baada ya vita miili ilifukuliwa, na zaidi ya 80 iliyoshindikana kutambuliwa ikazikwa upya Ubelgiji chini ya misalaba isiyo na jina. Kila mwili ulipewa namba na faili lake: urefu wa mifupa, hali ya meno, ulipotolewa. Mwaka 2017 ilipoanza kazi ya kuwafukua tena, maabara yalikuta faili limeshaandaliwa miaka 70 kabla. Mmoja baada ya mwingine wametambuliwa tangu hapo, na kila anapotambuliwa, ua dogo la shaba huwekwa kando ya jina lake kwenye ukuta wa waliopotea.

Vinasaba hujibu swali dogo tu: huyu ana undugu na yule? Lazima umjue yule kwanza. Mtu wa maabara anapopata vinasaba vya mfupa, anahitaji mtoto wa dada, mjukuu wa upande wa mama, mtu wa kulinganisha naye. Atampataje pasipo jina na anwani iliyoandikwa na karani wa kambi akiwa na kalamu na karatasi? Mpe mwanasayansi bora duniani mifupa isiyo na orodha, atakueleza umri, urefu na labda asili yake. Hatakupa jina.

Tuwasikilize wanaopinga. Hoja ya gharama ina uzito. Marekani bado inahesabu zaidi ya 80,000 waliopotea, zaidi ya 70,000 kati yao wa Vita vya Pili, na wengi wako chini ya bahari ambako hakuna mtu atakayewafikia. Wazazi wamekufa, wake waliolewa tena na nao wamekufa. Mtu anayeona mwanajeshi mstaafu akilala barabarani ana haki ya kuuliza kwa nini fedha inamfuata aliyekufa. Jibu langu ni kwamba serikali iliyomchukua mtoto wa mtu ikampandisha ndege ilijifunga kwa mzazi yule deni ambalo halifutwi kwa kumhudumia mwanajeshi mwingine. Yote mawili ni madeni. Hata hivyo sitamlaumu anayetaka aliye hai atangulie.

Hoja nzito zaidi ni ya maadili. Vijana hawa walidondosha mabomu juu ya miji. Hamburg, Julai 1943, moto uliua zaidi ya watu 30,000 katika siku chache. Dresden, Februari 1945, waliuawa takriban 25,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wapo wanaoona kwamba kumtukuza mpiga bunduki ni kuifuta damu ile. Hii ndiyo sababu iliyofanya kikosi cha ndege za mabomu kikae miaka mingi bila ukumbusho wa taifa jijini London, hadi ule wa Green Park ulipozinduliwa Juni 2012, na hata huo uliandikwa maneno ya kuwakumbuka pia watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu. Naiheshimu hoja hii, na sidhani inatakiwa kushindwa. Ila kumwandika mtu hakumtakasi. Orodha ya waliouawa Hamburg na orodha ya waliopanda ndege zinahitaji kalamu ileile, na mwenye orodha zote mbili ndiye anayeweza kuhukumu kwa haki.

Inabaki hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayotuhusu. Inasema: wenzetu wana desturi ya kuandika na kuweka makaburi, Waafrika hatuna, na ndiyo maana wafu wetu wa vita hawajulikani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote wataheshimiwa sawa, ilichapisha ripoti juu ya nafsi yake. Ilikiri kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Ripoti ilionyesha pia maneno ya watawala wa wakati ule. Gavana wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida asingelielewa wala kulithamini jiwe la kaburi.

Asingelielewa! Pale Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi bado yamesimama. Huku bara, watu wasiochonga mawe walitaja ukoo kwa vizazi saba bila kukwama, na wakawapa wajukuu majina ya waliokufa ili jina lisipotee. Watu wenye desturi hizo ndio walioambiwa hawajui thamani ya jina. Na wale wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, karia kama walivyoitwa, waliandikwa. Walikuwa na namba, walikuwa na hesabu za mishahara. Mishahara mingi ya waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali. Anayeweza kuhesabu deni la marehemu anajua marehemu ni nani. Karia walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa kuliko kwa risasi, wakibeba vyakula na risasi za jeshi kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi Ruvuma, na walizikwa pembeni mwa njia. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba jina la mtu huyu lihifadhiwe kama la ofisa wake.

Nenda katikati ya Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi aliyepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Soma pande zote za msingi ule. Hakuna jina hata moja.

Ushahidi kwamba lilikuwa jambo la uamuzi uko Nairobi. Tarehe 12 Februari 1944, miezi minne kabla ya kifo cha Mynarski, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Sri Lanka ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha mwili, na hakuna maabara itakayowahi kuwafikia. Lakini majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi. Ni Waafrika walewale, watawala walewale, miaka 27 tu baada ya karia. Safari hii orodha ilitunzwa na ikatumika.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ina sura nyingine. Katika miaka ya karibuni rejista za jeshi zilizodhaniwa zimekwisha zimepatikana Kenya, zikiwa na majina ya askari na karia ambao hawamo kwenye ukumbusho wowote. Kinachohitajika sasa ni watu wa kuzisoma, wanaojua kwamba karani wa Kiingereza aliyesikia jina la Kidigo, la Kizigua au la Kinyamwezi aliliandika alivyolisikia. Kazi hiyo haifanywi vizuri London. Inafanywa na mwalimu mstaafu wa kijijini anayejua ukoo gani ulikaa wapi, na anayeweza kukaa na wazee kabla hawajaondoka. Vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za tasnifu, na kumbukumbu za taifa Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi zina majalada yasiyofunguliwa. Wilaya moja, vijiji vichache, wanafunzi wanne na daftari: hapo pangetosha kuanzia. Na tusiishie vita vya wakoloni. Walioanguka vita vya Kagera wana makaburi yao Kaboya, jambo la kujivunia, lakini namna walivyokufa, yale ambayo Brophy mmoja aliyasimulia kwa ajili ya Mynarski, bado yamo vichwani mwa wenzao, ambao leo wamevuka miaka 65.

Mji wa Dar es Salaam unalitamka jina la karia kila siku: Kariakoo, ilipokuwa kambi yao, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Bibi yangu, mzaliwa wa Bonde, alikuwa akishuka sokoni hapo kununua vitenge, na aliniambia mara moja tu kwamba babu yake alichukuliwa na Waingereza mwaka wa njaa, akatembea na wenzake kuelekea kusini, mmoja wao akarudi na kusema alimwacha ameshikwa na tumbo kando ya mto. Sikuuliza ni mto gani, na huyo aliyerudi hakuna anayemkumbuka jina. Nimeandika nilivyo navyo: jina lake, jina la baba yake, ukoo, kijiji nje kidogo ya Muheza, mwaka 1917 au 1918. Namba yake ya karia sina. Ndiyo nitakayoanza kuitafuta.